Benki Isiyoruhusiwa Kuanguka

Jumatatu, 3 Machi

Leo Meneja katuita kabla hatujafungua milango. Alizungumza akiwa amesimama — na Meneja wetu hasimami ovyo, ana kitambi kinachotaka kiti. Akasema benki iko imara. Hakuna aliyekuwa amemuuliza! Mtu akija kukuambia nyumba yake haiungui, na wewe hukusikia hata harufu ya moshi, lazima uanze kunusa. Nikaanza kunusa.

Redio hakuchelewa. Redio ni mwenzangu wa dirisha la pili, tunamwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Kaninong'oneza kwamba Mwenye Hoteli ameacha kulipa. Basi nikaelewa. Wakubwa wa makao makuu walimkopesha huyo bwana ajenge hoteli. Hoteli ikafika ghorofa ya nne, ikasimama. Wakamkopesha tena ili alipe riba ya mkopo wa kwanza, halafu tena ili alipe riba ya ule wa pili. Huo si mkopo, huo ni unyonyeshaji. Na mtoto sasa ana meno.

Nyumbani Fundi kaniuliza hata sijavua viatu: ombi langu je? Nikamwambia bado liko mezani kwa Meneja. Ni kweli liko mezani. Juu yake kuna kalenda, na juu ya kalenda kuna kikombe.

Niandike yote, maana kichwa kimejaa. Fundi, mume wangu, ana karakana ya samani. Mwaka jana serikali ilimpa kazi ya madawati ya shule. Tukashangilia! Akakopa kwetu benki, fomu nikazibeba mwenyewe, mbao zikanunuliwa, vibarua wakaajiriwa, madawati yakapelekwa. Watoto wanayakalia. Serikali haijalipa. Kila akienda anaambiwa fungu halijatoka. Kwa hiyo na yeye ana miezi miwili hajarejesha mkopo, na ameomba apewe nafasi ya miezi sita tu. Dhamana ni nyumba hii tunayoishi, ambayo hati yake ina jina la Mama mkwe. Yaani napika, nalala na kununa ndani ya dhamana. Ikienda hii, tunatoka na masanduku yetu, na mama wa watu mbele yetu.

Jumanne, 4 Machi

Gazeti la leo: "Benki kubwa yayumba?" Ile alama ya kuuliza ni ya woga tu, mwandishi jibu analo. Tulipofungua, foleni ilikuwa imeshafika mlangoni.

Meneja katoa maagizo ya utulivu. Tuzime mashine za kuhesabia, tuhesabu kwa vidole. Tulipe kwa noti ndogo ndogo. Tumuulize kila mteja hali yake, ya watoto, ya kazi. Tuhesabu mara ya pili mbele yake. Mabunda yapangwe nyuma ya kioo, yaonekane kama matofali. Watu wakae, wasisimame, ili foleni isitokeze barabarani — viti vimekodiwa kwenye ukumbi wa harusi, vingine bado vina riboni. Na kilele cha hekima: chai na biskuti kwa kila aliye kwenye foleni. Mtu mwenye kikombe mkononi hapigi kelele, kasema.

Siwezi kumcheka sana. Ni ufundi wa zamani, na mara nyingi unafaa. Hakuna benki duniani yenye pesa za wateja wake wote kwa siku moja. Ina imani yao tu, na imani huangaliwa kama maziwa jikoni, ukigeuka yamefurika.

Vidole vinaniuma. Nimepika kwa mkono mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Chai! Chai ndiyo iliyotumaliza.

Jana walikuja wenye akaunti. Leo wamekuja wenye kiu. Madereva waliochoka, wanafunzi wa chuo cha jirani, ndugu wanaosubiri wagonjwa wao hospitali ya ng'ambo ya barabara, fundi viatu wa kona — wote wameketi kwenye viti vya harusi, wanapuliza vikombe. Bwana mmoja kafika dirishani kwangu baada ya kungoja asubuhi nzima. Nikamwomba kitabu cha benki. Hana. Namba ya akaunti? Hana. Alitaka kujua tu kama ili upate biskuti ya pili lazima ufungue akaunti.

Foleni ikazunguka kona. Wapita njia wakaiona. Wenye akaunti waliokuwa makazini wakapigiwa simu: benki yako imezingirwa! Wakaja mbio. Hao sasa hawakutaka chai.

Kwenye taarifa ya habari wameonyesha tawi letu. Maelfu wahofia amana zao, kasema mtangazaji. Na nani anahojiwa, kwa uchungu mkubwa? Bwana wa biskuti! Mkononi anayo. Anasema akipoteza anachokipata hapa hatakuwa na pa kushika. Nimecheka mpaka machozi, Fundi akauliza kulikoni, nikashindwa kueleza. Halafu simu ikalia. Meneja: kesho hakuna chai.

Alhamisi, 6 Machi

Kuondoa chai ndilo lililokuwa kosa la pili. Watu wakasema: hata majani ya chai yamewaishia!

Sina nguvu ya kuandika yote. Kioo cha dirisha la tatu kimepasuka. Redio amelia. Matawi ya nchi nzima yako hivyo hivyo.

Katikati ya zogo nainua kichwa, mteja anayefuata ni Mama mkwe. Hakuniambia kitu asubuhi, na tulikula mkate meza moja! Pochi kwapani, kitabu mkononi. Kiinua mgongo chote cha marehemu baba mkwe kiko kwetu. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, kwa hiyo nikafuata maagizo: shikamoo Mama, habari za nyumbani? Akajibu marahaba, za nyumbani unazo wewe, nilipe.

Nikahesabu. Mungu anisamehe, nilihesabu polepole, noti ndogo ndogo, mama wa mume wangu. Sikufika hata robo, kengele ikalia, mlango wa chuma ukateremshwa. Amri ya makao makuu: tufunge. Zile nilizokwisha kuhesabu nikatakiwa nizirudishe kwenye droo. Mama mkwe akazifuata kwa macho mpaka droo ikafungwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea hatua tatu mbele yangu. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi

Waziri kwenye televisheni. Serikali itainusuru benki. Kataja kiasi, na kilikuwa kirefu hata akavuta pumzi katikati. Sababu: benki hii ni kubwa mno, haiwezi kuachwa ianguke. Amana zote salama. Kisha kwa sauti ya mtu anayefunika sufuria akasema fedha zitatoka kwenye mafungu yasiyo ya dharura, na kwamba kodi itaongezwa "kidogo" kwenye sabuni na sukari.

Mezani ikawa vita.

Fundi kaunga mkono! Nilidhani atavunja meza, anaweza kuitengeneza nyingine. Kasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Benki ikianguka itawaangukia wangapi? Mishahara ya walimu imo humo. Muuza mbao wake yumo humo. Mama, hata pesa zako zimo humo. Moto ukishika nyumba hukai ukauliza nani aliacha jiko linawaka, unamwaga maji.

Mama mkwe kasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Maji mwageni, sawa. Lakini aliyeacha jiko linawaka mnamrudishia kiberiti? Mlevi mkimlipia leo, kesho ataagiza na ya wenzake. Yeye hajui mambo ya uchumi, kasema, lakini anajua sabuni itakayopanda bei ni ya nani.

Wakanigeukia mimi. Mimi ninayelipwa na hiyo benki! Nikasema wote wana haki, wakanizomea wote wawili. Lakini ni kweli wana haki. Nilipomsikia Waziri nilishukuru, nilishukuru sana, nikaona mshahara wangu unafufuka, na akiba ya Mama inafufuka, na mimi naweza tena kumtazama usoni. Na papo hapo nikataka kumpiga mtu na ufagio. Sijui nani.

Jumapili, 9 Machi

Majirani wananipa hongera. Hongera ya nini jamani? Kama nimezaa! Jirani wa ukuta mmoja kaniambia nifikishe shukrani zake kwa wakubwa. Nikamwambia hizo pesa ni zako na zangu. Akacheka, akaniambia mimi mcheshi.

Jumatatu, 10 Machi

Tumefungua. Foleni hakuna! Waliobahatika kutoa pesa wiki iliyopita wamezirudisha, wengine wakiomba na radhi. Mlangoni kuna bango: TUNAWASHUKURU KWA IMANI YENU. Nadhani walitaka kuandika kodi yenu, nafasi ikawa ndogo.

Mkurugenzi Mkuu amestaafu "kwa hiari yake". Kiinua mgongo alichopewa Redio alikitaja mara tatu, na mara zote tatu nikamwambia rudia. Mwenye Hoteli deni lake limepangwa upya: miaka mitano asilipe kitu, apumue kwanza. Akianguka yeye, benki inaanguka tena, kwa hiyo anashikwa kama yai.

Mchana nikajikaza, nikaingia kwa Meneja. Ombi la Fundi vipi? Miezi sita tu. Akainua kikombe, akainua kalenda, akaliangalia kama analiona mara ya kwanza. Tumsubiri Msimamizi, kasema. Anakuja mtu kutoka Hazina kusimamia hizi fedha za serikali.

Miaka mitano. Miezi sita. Nimeingia stoo nikalipiga teke boksi la karatasi. Karatasi ni nzito kuliko nilivyofikiri, kidole gumba kimevimba.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita karakana kumpelekea Fundi chakula. Kuna ukimya ambao sijauzoea pale. Vibarua wamebaki wawili, wanapiga msasa kabati la mteja mmoja kwa uangalifu wa kupitiliza, ili lisiishe. Fundi anawalipa kwa kuuza vifaa. Ile randa ya umeme haipo. Kasema kaiazima mtu. Mwongo mkubwa, hata kudanganya hajui, masikio yalikuwa mekundu.

Kanionyesha dawati moja lililobaki, la mfano. Kiti na meza vimeshikana kwa chuma, pembe zote kazizungusha ili mtoto asijikwaruze. Hakuna aliyemwambia azizungushe, haikuwa kwenye mkataba. Nikalikalia. Nilikaa vizuri.

Sabuni imepanda. Mama mkwe anakata kipande kwa kisu, nusu anaificha juu ya kabati.

Jumatatu, 17 Machi

Ombi bado. Kikombe kimebadilishwa.

Jumatano, 19 Machi

Msimamizi kafika. Nilitaka awe mtu mbaya, ingenisaidia. Ni mwembamba, mpole, anamsalimia hadi mfagizi, kabeba chakula chake kwenye kibakuli. Kikao kimoja tu.

La kwanza: pesa za wananchi zilindwe. Kwa hiyo mikopo chechefu — ndivyo wanavyoiita mikopo isiyolipwa — ikusanywe bila huruma, tuanze na midogo, maana midogo ndiyo inayokusanyika. Mkubwa ukimbana anaanguka na wewe. Notisi ya mwezi mmoja, kisha mnada. La pili: fedha mpya za serikali zisilale. Zikopeshwe, tena kwa mikopo mikubwa ya viwanda, kabla mwezi huu haujaisha, serikali inataka kuona uchumi unasogea. Hapo Meneja akaandika kwa kalamu nyekundu huku jasho linamtoka. Tawi letu halijapata hata mkopaji mmoja wa namna hiyo.

Nikanyoosha mkono. Na mdaiwa ambaye na yeye anaidai serikali? Msimamizi akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa. Hiyo, dada, ni idara nyingine.

Shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda humpiga aliyesimama nyuma yake, hachagui wadogo.

Jioni Msimamizi akanipa karatasi zake nizichape, kisha notisi zikagawiwa: kila mfanyakazi apeleke za mtaa wake, tupunguze gharama. Ubanaji matumizi umeanza! Ya Fundi nimeileta mwenyewe ndani ya pochi, katikati ya nyanya. Kaisoma akiwa amesimama. Akatia sahihi ya kupokea, na mimi nikatia ya kukabidhi. Mke na mume. Mara ya mwisho tulisaini karatasi moja palikuwa na wapambe na keki.

Ijumaa, 21 Machi

Fundi kaenda wizarani kudai malipo ya madawati. Kabeba hadi picha za watoto wameyakalia. Kashinda kutwa. Mhasibu wa pale alikuwa muungwana, kamfungulia kompyuta amwonyeshe: fungu lako lilitoka. Kweli! Lilitoka mwisho wa Februari. Halafu tarehe saba mwezi huu likahamishwa, pamoja na mafungu yote ya samani za shule, kwa kuwa si ya dharura. Likapelekwa wapi? Kuinusuru benki.

Pesa za mume wangu zimefika benki kwangu kabla yake, na bado anadaiwa!

Karudi, kakaa kizingitini, kacheka. Si kicheko ninachokijua. Mama mkwe katoka jikoni kumtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Niliogopa. Nampenda mtu huyu. Anapiga randa huku anaimba vibaya, na hajawahi kumdhulumu kibarua hata senti.

Jumapili, 23 Machi

Fundi kaketi kizingitini tangu asubuhi. Halafu kaniuliza: mtu adaiwe kiasi gani ndipo benki imwonee huruma? Nikajibu kwa mzaha, mdomo wangu huu! Nikamwambia siku hizi kuna mstari. Chini ya mstari ni mnada, juu ya mstari ni yai. Kosa lako, nikasema, si kukopa. Kosa lako ni kukopa kidogo.

Tukacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu ile notisi. Kisha mwenzangu akaacha kucheka. Akachomoa penseli sikioni, akageuza bahasha, akaanza kuchora. Mashine ya kupasulia mbao. Banda la rangi. Malori mawili. Nikamwambia acha mchezo. Akasema mchezo upi, si umesema wewe mwenyewe wanatafuta watu wa viwanda?

Nikamkimbilia Mama mkwe, nikijua yeye ana msimamo wake: mlevi asilipiwe, mwana aachwe alie. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anamenya viazi. Halafu akasema mambo ya nchi ni mambo ya nchi. Huyu nimemzaa mimi.

Jumanne, 25 Machi

Naandika chooni. Choo cha wafanyakazi, nimetia komeo. Kitabu hiki nakibeba kwenye pochi tangu Fundi aanze kuchora viwanda juu ya kila karatasi ya nyumbani.

Waliingia saa nne. Fundi ndani ya suti ya harusi yetu, kifungo cha tumbo kimekataa. Mama mkwe ndani ya nguo zake za kwendea kwa watu, hati ya nyumba imefungwa kwenye kitambaa. Hawakuniambia! Redio akanikanyaga mguu, ule ule wenye kidole kibovu. Nikasubiri Meneja awatimue. Nilishaanza hata kupanga maneno ya kuwafariji.

Meneja akasimama. Akasimama kumpokea fundi wa madawati! Ofisi yake ni ya kioo, nikaona yote. Michoro ikatandazwa, Meneja akaitupia jicho, akavuta kikokotoo. Mwezi unaisha Jumatatu, na tawi halijakopesha hata kiwanda kimoja. Sasa kimoja kimekuja chenyewe, kimevaa tai.

Kaniita nichape. Mara ishirini ya mkopo wa zamani! Ule wa zamani unamezwa humo humo, si chechefu tena, notisi inafutwa leo leo. Miaka miwili asilipe kitu, apumue kwanza. Yote aliyonyimwa anapewa, na nyongeza juu yake, kwa sababu ameomba zaidi. Dhamana ni nyumba ile ile, na akiba yote ya Mama, na karakana, na mashine ambazo hazijanunuliwa. Fundi akanikonyeza. Alikuwa na furaha kama siku ile aliyokuja kwetu kunichumbia.

Sikuweza kumkonyeza. Ule mstari nilioutania Jumapili upo kweli. Umo kwenye karatasi za Msimamizi, niliuchapa kwa vidole hivi, kiwango chake nakijua. Hata kwa mara ishirini, Fundi hafiki nusu. Atakuwa mkubwa wa kutosha kupoteza kila kitu, akiba ya Mama ikiwemo, na bado mdogo wa kutosha kupigwa mnada. Nilimwambia mstari upo. Sikumwambia uko wapi. Na Meneja anajua, namwona anavyokwepa macho yangu. Miaka miwili ijayo ni shida ya meneja mwingine.

Nikisema asisaini, nyumba inapigwa mnada mwezi ujao, hilo halina mjadala. Nikinyamaza, labda serikali itamlipa ndani ya hiyo miaka miwili. Labda atapata kazi nyingine kubwa. Labda! Ndivyo walivyosema hata kuhusu hoteli. Kukopa harusi, kulipa matanga — na suti yenyewe ameshaivaa.

Fundi ametia sahihi. Mama mkwe amekataa kutia mpaka aniulize. Katoka na kalamu mpaka dirishani kwangu, mbele ya wateja, kaniuliza bila kunong'ona: wewe ndiye unayeijua hii benki, nitie au nisitie? Nikasema nakuja, tumbo linanisumbua. Nikakimbia. Mtu mzima mimi!

Mlango unagongwa. Redio: toka basi, Meneja anatazama saa. Naendelea kuandika.

Sasa Meneja mwenyewe. Sauti ya asali, hajawahi kuniita shemeji kabla ya leo! Shemeji, wateja wetu wanasubiri, tusiwachoshe. Nimefungua bomba, adhani nanawa mikono.

Sasa ni Mama mkwe. Nasikia anawasogeza wote pembeni. Anasema kwa sauti ya chini, mdomo uko kwenye mlango, kwamba nisihangaike kumweleza mengi, miwani kaisahau nyumbani na maandishi hayaoni. Nitoke tu nimwekee kidole mahali, atatia. Nisipoweka, hatatia. Kesi imekwisha, anasema, mimi nakuamini wewe, si hao.

Komeo nimelishika. Nafungua —